Jinsi ya Kupiga Picha Ndege Waliojenga Kiota Bustanini Bila Kuwafukuza: Mwongozo Kamili

Ndege amejenga kwenye kichaka nyuma ya nyumba, kamera ipo, siku zinapita na picha ya maana haipatikani. Inayopatikana ni mgongo wa ndege uliozama kwenye majani, au kiota kitupu, au kitu chenye ukungu kilichopita kasi. Wengine huishia pabaya zaidi: ndege anakihama kiota na mayai yanapoa.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: mpiga picha analenga kiota. Kwa picha, kiota ni mahali pabaya kuliko pote bustanini. Kimefichwa makusudi, hakina mwanga, kimezungukwa na vijiti vinavyoichanganya fokasi, na ndipo ndege hataki kuona mtu hata kidogo. Lenga njia yake. Kabla ya kuingia kiotani, ndege mwenye chakula mdomoni hutua kwanza kwenye tawi la jirani na kukagua usalama. Pale kwenye tawi kuna mwanga, kuna nafasi, na ndege mzima yuko mbele yako. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka kwenye tawi hilo, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wake.

## Vifaa

- Kamera na lenzi ndefu. Milimita 300 ndicho kima cha chini cha kufanya kazi kwa utulivu. 400 hadi 600 ni bora. Kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko sensa kubwa, ile ya "full frame") inakusaidia hapa, kwa kuwa lenzi ya milimita 300 hukuvutia ndege kama ile ya 450 kwenye sensa kubwa. Mwenye simu asome sehemu yake karibu na mwisho.
- Tripodi imara. Kushika lenzi ndefu kwa mikono kwa dakika nyingi kunachosha, na mtu aliyechoka hutikisika.
- Rimoti ya shata, ya waya au ya redio, ya kupigia picha bila kuigusa kamera.
- Darubini. Kwa kazi hii naiona muhimu sawa na kamera, maana bila hiyo utalazimika kusogea kila unapotaka kujua kinachoendelea.
- Daftari, kalamu na saa.
- Kitambaa kizito cha rangi ya udongo au majani, au hema dogo la kujifichia, pamoja na kiti kifupi kisicholia ukijigeuza.
- Betri ya akiba na memori kadi yenye kasi.

Vinne vibaki ndani ya nyumba. Flashi, kwa sababu mwanga wa ghafla unawashtua wazazi na makinda. Sauti za ndege zilizorekodiwa, kwa sababu dume huzichukulia kuwa ni mvamizi, akaacha kulisha na kuanza kumtafuta adui asiyekuwepo. Droni, ambayo ndege wengi huikimbia au kuishambulia. Na mkasi wa kukatia matawi. Huu wa mwisho ndio unaoleta madhara makubwa zaidi, na hutumiwa na watu wenye nia njema kabisa: wanataka tu kuondoa jani moja linaloziba. Jani hilo ndilo paa la makinda wasio na manyoya, na ndilo linalowaficha wasionekane na kunguru. Lisikatwe wala lisifungwe pembeni kwa kamba.

## Hatua ya 1: Jua kiota kimefikia wapi

Usitoe kamera kabla ya kujua jambo hili. Ndege yuleyule anayekuvumilia ukiwa mita nane wakati wa kulisha anaweza kuhama moja kwa moja ukimkaribia hivyo wakati wa kujenga.

Anajenga. Anabeba nyasi, nyuzi, manyoya au matope. Bado hajapoteza kitu, hivyo akiona hatari anaacha na kwenda kwingine. Angalia kwa darubini tu.

Anataga. Ndege wengi wadogo hutaga yai moja kwa siku, na wengi huanza kuatamia kwa dhati mayai yakikaribia kutimia. Katika siku hizi kiota kinaweza kukaa saa nyingi bila ndege. Hakijahamwa, basi usiende kuchungulia.

Anaatamia. Kwa ndege wengi wadogo wa bustanini ni siku 12 hadi 14 hivi. Njiwa, ambaye kwa kawaida hutaga mayai mawili, huenda siku 14 hadi 18 hivi, kutegemea aina. Ukimrusha kiotani mara kwa mara mayai yanapoa, au yanachomwa na jua. Endelea na darubini.

Makinda wachanga. Siku tatu nne za mwanzo wako uchi na hawawezi kujipasha joto, hivyo mzazi huwakalia kwa muda mrefu. Ngoja.

Makinda wanaolishwa. Kuanzia siku ya tano hivi manyoya yanachomoza, macho yamefunguka au yanafunguka, na wazazi wanaenda na kurudi bila kupumzika. Huu ndio wakati wako. Wanarudi kwa nguvu zote kwa sababu wana watoto wanaolia njaa, na wanapita tawini mara nyingi kwa saa moja.

Siku za mwisho. Makinda wamejaa manyoya na wanapanda ukingo wa kiota. Hapa unarudi nyuma tena. Sababu iko kwenye Hatua ya 8.

Yote haya unaweza kuyajua bila kukisogelea kiota. Ndege mmoja akitoweka kwa muda mrefu huku mwenzake akiimba jirani, kuna kuatamia. Midomo ikianza kuja na viwavi na panzi, mayai yameanguliwa. Ishara nzuri kupita zote ni kifuko cheupe. Makinda wa ndege wengi wadogo hutoa kinyesi ndani ya utando mweupe unaong'aa, na mzazi anayetoka kiotani huruka nacho mdomoni na kwenda kukitupa mbali ili harufu na madoa yasiwaonyeshe maadui mahali pa watoto. Ukiona kifuko hicho kinatoka tena na tena, kulisha kumepamba moto.

Njiwa ana utaratibu wake: huwalisha makinda maziwa ya koo, kwa hiyo hutamwona na chakula mdomoni. Kwake hesabu siku tangu alipoanza kuatamia.

*Imekaa sawa ikiwa:* unaweza kuandika daftarini kiota kiko hatua gani, na hujakisogelea hata mara moja.

## Hatua ya 2: Chora njia ya ndege

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Kaa umbali wa mita 15 hadi 20, ukiwa umetulia, asubuhi, kwa saa nzima. Kamera isiwe mkononi, maana ukiwa nayo utapiga badala ya kuangalia. Chora bustani kwenye ukurasa: kiota, miti, ukuta, uzio. Kisha kila ndege anapokuja, andika:

1. Ametokea upande gani.
2. Ametua wapi kabla ya kuingia, na amekaa sekunde ngapi.
3. Ameingia kwa upande gani wa kichaka.
4. Ametoka kwa njia gani. Mara nyingi njia ya kutokea si ile ya kuingilia.
5. Dakika ngapi zimepita hadi aliporudi.

Baada ya saa hiyo ukurasa utakuwa umejaa mistari inayopita mahali pamoja. Tawi lilelile, mara nyingine kidole kilekile cha tawi. Angalia chini yake: madoa meupe juu ya majani ni ushahidi kwamba ndege hukaa hapo siku zote. Dume na jike wanaweza kuwa na matawi tofauti, na mmoja wao huwa na woga kuliko mwenzake. Chagua tawi la yule mwenye utulivu.

Sababu ya kutua ni usalama. Ndege akiruka moja kwa moja hadi kiotani anamwonyesha adui kilipo. Kwa hiyo anasimama, anageuza kichwa kushoto, kulia, anatazama juu, halafu anazama majanini. Sekunde hizo mbili tatu za kukagua ndizo picha yako.

Mbayuwayu na jamaa zake hawana tabia hiyo. Hujitupa kiotani moja kwa moja kutoka hewani. Kwao tafuta waya, kamba au ukingo wa paa wanapopumzika na kujichana manyoya. Makinda wao hukaa kiotani takribani siku 20, kwa hiyo una muda mrefu kidogo.

### Kama tawi liko mahali pabaya

Unaweza kumpa ndege tawi jingine. Tafuta kijiti kikavu chenye magamba au kuvu kidogo, unene wa kidole gumba, ukichomeke kwenye njia yake, mita mbili au tatu kutoka kiotani, kikiwa kirefu kidogo kuliko majani ya jirani. Kichomeke wazazi wakiwa wameenda kutafuta chakula, na umalize chini ya dakika moja. Kisha rudi mbali utazame. Ndani ya nusu saa wawe wamekitumia, au angalau wamekipuuza na kuendelea kulisha. Wakisitasita na chakula mdomoni, kitoe.

*Imekaa sawa ikiwa:* unaweza kumwambia mtu aliye kando yako, "Atatua pale," na ndege akatua pale.

## Hatua ya 3: Pima umbali, jua na mandhari ya nyuma

Umbali. Kwa ndege wa sentimita 15, ukubwa wa shomoro, ukitaka ajaze theluthi moja ya upana wa picha:

- Lenzi ya milimita 300, sensa ya APS-C: mita 6 hivi.
- Lenzi ya milimita 400, sensa ya APS-C: mita 7 hadi 8.
- Lenzi ya milimita 400, sensa kubwa: mita 5.
- Lenzi ya milimita 600, sensa kubwa: mita 7 na nusu.

Umbali huu ni kutoka kwako hadi *tawini*. Panga mambo ili kiota kiwe mbali nawe kuliko tawi, si nyuma ya mgongo wako. Theluthi inatosha kabisa. Mtu anayetaka ndege ajaze fremu yote husogea mno, na mabawa yakifunguka yanakatwa.

Jua. Liwe mgongoni kwako au pembeni kidogo, saa mbili za kwanza baada ya kuchomoza. Mwanga huo ni laini, na ndio wakati wazazi wanalisha kwa bidii. Siku ya mawingu mepesi ni nzuri pia, hasa kwa ndege weusi au weupe. Epuka mwanga wa madoadoa unaopenya majani ya mti mkubwa: unampa ndege mabaka usiyoweza kuyaondoa baadaye.

Nyuma ya tawi. Simama unapokusudia kupiga, utazame kilicho nyuma ya tawi. Uzio, ndoo na kamba ya nguo vyote vitaingia. Majani yakiwa mita tatu au zaidi nyuma ya tawi yatayeyuka na kuwa rangi moja laini. Mara nyingi hatua moja kushoto inatosha kuliondoa doa linaloudhi.

Urefu. Lenzi iwe usawa wa jicho la ndege au karibu nalo. Ukimpiga kutoka chini, utapata tumbo na anga jeupe.

*Tahadhari:* usisimame kwenye njia ya ndege, wala kati ya kiota na mahali wanapotafuta chakula. Wanaweza kukuzunguka kwa hasara ya nguvu zao, au wakaacha kuja.

*Imekaa sawa ikiwa:* picha ya majaribio ya tawi tupu inapendeza hata kabla ndege hajafika.

## Hatua ya 4: Jifiche, na uwazoeze taratibu

Dirisha la nyumba ni maficho bora kuliko hema lolote, kwa sababu ndege walijenga nyumba ikiwa tayari ipo. Zima taa za chumba, shusha pazia, na upitishe lenzi kwenye uwazi mdogo. Dirisha likifunguka, lifungue kabla ya wazazi kuanza safari za asubuhi, lisije likalia mbele yao. Kama lazima upige kupitia kioo, kisafishe, gandisha ukingo wa kinga ya lenzi kwenye kioo, na upige ukiwa umekielekea sawasawa. Ukipiga kwa mshazari, ukali wa picha unapotea.

Ikiwa dirisha halielekei tawini, tumia hema au kitambaa kilichotandazwa juu ya fremu. Kifunge vizuri kila pembe. Kona inayopepea kwa upepo inatisha kuliko mtu aliyetulia. Siku ya kwanza kiweke mita 15, kikiwa kitupu. Siku ya pili kisogeze mita mbili au tatu, nenda mbali, tazama kwa darubini. Safari za kulisha zikiendelea kwa mwendo ulioandika daftarini, kesho yake sogeza tena. Zikipungua, rudisha kilipokuwa. Anza zoezi hili mapema, wakati makinda bado wachanga, ukibaki mbali, ili siku nzuri zisikuishie ukihamisha hema.

Kuingia mafichoni kuna mbinu ya zamani inayofanya kazi vizuri mno. Mwende wawili. Wewe ingia, mwenzako aondoke akitembea wazi wazi. Ndege wengi hawahesabu watu. Wanaona mtu ameondoka na wanarudi kazini. Ukiwa peke yako, ingia mara tu mzazi anapotoka kutafuta chakula.

Kuhusu njia unayopita: usikanyage majani kuelekea kiotani na kuishia hapo. Paka na wawindaji wengine hufuata njia iliyokanyagwa. Ukilazimika kupita karibu, pita moja kwa moja utokee upande wa pili. Paka wa nyumbani afungiwe ndani msimu huu wote.

*Imekaa sawa ikiwa:* wazazi wanalisha kwa mwendo uleule ukiwa ndani na ukiwa haupo.

## Hatua ya 5: Iseti kamera kabla ndege hajafika

Ndege akishatua hakuna muda wa kugusa vitufe.

Kasi ya shata. Ndege aliyetua: 1/500 ya sekunde au zaidi, maana kichwa chake hakitulii. Kuruka na kutua: 1/2000 na kuendelea. Ukiwa huna uhakika, weka 1/1600.

Namba ya f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi. Kati ya f/5.6 na f/8. Kwa milimita 400 ukiwa mita tano, f/5.6 inakupa sentimita chache tu zilizo kali mbele na nyuma. Ndege akikaa pembeni, mdomo, jicho na bawa vyote vinaingia humo. Akikuelekea uso kwa uso, mkia utayeyuka, na hilo si kosa.

ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Iachie kamera ijipangie, na kikomo cha 3200 au 6400. Usiogope chembechembe. Zinapunguzwa kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haitengenezeki.

Fidia ya mwanga. Kamera hupima fremu yote na kuifanya kijivu cha wastani. Ndege mweusi mbele ya anga au majani yanayong'aa: ongeza +1. Ndege mweupe akiwa juani mbele ya kivuli: punguza −1. Piga jaribio, tazama kifua chake. Ukiona weupe mtupu usio na alama ya manyoya, punguza zaidi.

Fokasi. Hapa ndipo picha nyingi zinapofia. Fokasi ya eneo zima hudaka jani lililo mbele. Tumia nukta moja, uiweke pale jicho litakapokuwa, juu kidogo ya tawi. Kama ndege anatua mahali palepale kila mara, funga fokasi kwa mkono kwenye magamba ya tawi na uiache. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege zinafanya kazi nzuri mahali pa wazi, lakini kwenye vijiti vingi hupotea.

Sauti. Washa shata ya kimya kama ipo, uzime mlio wa fokasi. Fahamu tu kwamba kwenye kamera nyingi shata ya kielektroniki hupinda mabawa yanayopiga kwa kasi. Ndege aliyetua hana tatizo hilo.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la picha, ili makosa madogo ya mwanga yarekebishike.

*Imekaa sawa ikiwa:* ukikuza picha ya majaribio, nyufa za gome la tawi zinahesabika.

## Hatua ya 6: Piga

Kaa. Kidole kwenye rimoti, macho yote mawili yawe nje ya kamera. Ukimtafuta ndege kupitia lenzi ndefu utamkosa. Utamwona akija ukiangalia bustani nzima.

Mara nyingi masikio yanatangulia. Makinda wakianza kulia, mzazi yuko jirani. Anatua. Mdomoni ana kiwavi wa kijani aliyekunjika katikati, au panzi ambaye miguu yake inaning'inia pande zote mbili. Anageuza kichwa. Bonyeza pale anapokigeuza upande wako, jicho likadaka mwanga. Picha tano hadi nane kwa mfululizo zinatosha. Nyingi zaidi zitajaza kadi kwa picha zilezile, na huenda kamera ikajifunga kuzihifadhi sekunde ile anaporuka.

Usiinuke kukagua kioo. Ngoja atoke. Picha ya mzazi akiondoka na kifuko cheupe mdomoni ni nadra kuliko ya kiwavi, na kwa maoni yangu inaeleza zaidi kazi ya ulezi.

Muda wa kukaa uwe nusu saa hadi dakika 45, kisha uondoke wazazi wakiwa mbali. Usipige mvua ikinyesha, jua la mchana likiwa kali, wala jioni giza likiingia. Nyakati hizo mzazi anahitajika juu ya makinda, na dakika anazozipoteza akikuogopa ni za hatari kwao.

## Hatua ya 7: Zifahamu dalili za kukuambia uondoke

Ukiona mojawapo ya hizi, rudi nyuma mara moja. Usimalizie kwanza.

- Chakula mdomoni, haingii. Anaruka tawi hadi tawi na kiwavi yuleyule. Au anammeza mwenyewe. Hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote.
- Mlio mkavu unaorudiwa, tofauti na wimbo wake, huku mkia ukitikisika.
- Dakika 15 zimepita bila mzazi wakati daftari linasema huja kila dakika tano.
- Anajifanya ameumia, anaburuta bawa chini. Anakuvuta utoke kwa watoto.
- Anakurukia kichwani.
- Kunguru au paka ametokea na anaangalia unapoangalia wewe.

Wakitulia na kurudia mwendo wao ukiwa mbali, huo ndio umbali wao. Kamera yako itazoea, wao wasilazimishwe.

Nchi nyingi pia zina sheria juu ya jambo hili. Uingereza, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, na kwa ndege walio kwenye orodha maalumu hata kuwasumbua wakiwa kiotani ni kosa. Marekani, sheria ya mwaka 1918 inalinda ndege wahamao pamoja na viota na mayai yao. Ulizia ya mahali ulipo, hasa kama ndege wako ni bundi au ndege mla nyama.

## Hatua ya 8: Rudi nyuma makinda wakikaribia kuruka

Makinda waliojaa manyoya wakishtushwa hujirusha wote kwa pamoja hata kama mabawa hayajakomaa. Wanaanguka chini, wanatawanyika, na wengi huliwa. Shomoro hutoka kiotani takribani siku 14 baada ya kuanguliwa. Kwa ndege wadogo wa aina hiyo, siku tatu nne kabla ya hapo acha kusogea kabisa. Dirishani unaweza kuendelea.

Ukikuta kinda chini mwenye manyoya kamili na mkia mfupi, mwache. Ametoka kiotani, na wazazi wanajua alipo. Ukikuta aliye uchi, mrudishe kiotani kwa upole. Harufu ya mkono wako haitawafanya wazazi wamkatae. Kinachowafukuza ndege ni kusumbuliwa.

Sasa habari njema ambayo wengi hawaijui: makinda wakishatoka, wazazi wa ndege wengi wadogo huendelea kuwalisha nje kwa siku kadhaa hata wiki mbili au zaidi. Makinda wawili watatu wamepangana kwenye tawi la wazi, midomo wazi, mzazi anawasili. Mwanga upo, majani hayazibi, kiota hakihusiki tena. Kama una asubuhi moja tu ya kupiga, piga hii.

## Hatua ya 9: Chagua na utume picha kwa usalama

Anza na jicho. Jicho lisipokuwa kali, futa, hata kama mabawa yanapendeza. Kata pembeni, punguza chembechembe, ongeza mwanga kidogo kwenye vivuli, inatosha.

Kabla ya kutuma popote, ondoa taarifa za mahali zilizohifadhiwa ndani ya picha, hasa ya simu, na usioneshe kona ya nyumba inayotambulika kiota kikiwa bado kinatumika. Picha ya ndege adimu yenye ramani yake huleta msururu wa watu.

## Kwa mwenye simu

Usikuze kwa vidole. Simu inakata tu picha na kuipanua. Weka simu kwenye tripodi ndogo mita moja kutoka *tawini*, si kiotani, ukiiweka wazazi wakiwa mbali. Wazoeze ndege kwanza kwa kuacha kitu cha ukubwa huohuo pale siku nzima. Washa hali ya ndege (airplane mode) kwenye simu ikiwa utarekodi video ndefu, ili simu zisiingie na kulia. Ukitaka kubonyeza kwa rimoti ya Bluetooth, acha Bluetooth wazi, uzime sauti, na ukae ndani ya mita kumi hivi. Video ya 4K ni chaguo zuri: kila fremu inakupa picha ya megapikseli nane hivi.

## Matokeo mabaya na dawa zake

Tawi kali, ndege ana ukungu. Kama ukungu una mwelekeo mmoja, ndege alisogea: ongeza kasi ya shata. Kama umeenea sawasawa, fokasi iko mbele au nyuma ya jicho: isogeze sentimita mbili na ujaribu tena.

Fremu yote imetikisika. Tripodi iko kwenye udongo laini au unabonyeza kwa kidole. Kaza miguu, tumia rimoti.

Ndege mweusi kama kivuli. Nyuma kuna anga. Shusha pembe ili nyuma yake kuwe na majani, au ongeza fidia hadi +1.7.

Anakupa mgongo kila mara. Umesimama upande anaotokea. Rudi kwenye mchoro wa Hatua ya 2 uhamie pembeni mwa njia yake, ukidumisha umbali ule anaouvumilia.

Hatui tena tawini. Pumzika siku mbili bila kukaa mafichoni, utazame kwa darubini kutoka mbali. Akirejea kwenye tawi lake, anza upya ukiwa umeongeza mita tatu. Asiporejea, amebadilisha njia. Chora mchoro mpya.